Mabusu ya Dirishani

Mume wangu alikuwa anatuma mabusu mchana kweupe, na mimi namwona kwa macho yangu mawili!

Sikieni jamani.

Mume wangu ni seremala. Tunakaa chini, karakana yake iko uani. Ghorofa ya juu anakaa mshonaji mmoja, mjane, mcheshi kupita kiasi.

Siku hiyo nachungulia, namwona mzee mzima kasimama uani, kachongoa midomo, macho juu. Nikainua shingo.

Mshonaji naye yuko dirishani, kachongoa vilevile!

Damu ikanichemka. Nikashika kikaango, nikapanda ngazi mbio. Leo ni leo!

Nafika juu, pumzi sina. Matusi yote niliyoandaa, hata moja halitoki.

Mshonaji akafungua mlango. Wala hakukiogopa kikaango.

"Jirani, usivute hewa kwa pupa. Chongoa midomo kama unapoza chai. Toa polepole."

Nikatoa. Nikatoa tena. Ndipo nikashtuka: hee, na mimi natuma mabusu!

"Mimi na mume wako tunatibiwa kliniki moja ya mapafu," akaniambia. "Mimi vumbi la pamba, enzi zangu za kiwandani, yeye la mbao. Shida yetu kubwa ni kutoa hewa. Njia zake zinajifunga mapema, hewa ya zamani inabaki ndani, mpya inakosa nafasi. Ukichongoa midomo, zinabaki wazi. Namkumbusha kila asubuhi, maana mumeo mvivu wa mazoezi."

Mume naye huyo, anapanda taratibu huku anapuliza. Akakiona kikaango.

"Mke wangu, umekuja kumpikia jirani?"

Tulicheka mpaka wao wawili wakaanza kukohoa, mimi nawapepea kwa kikaango!

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Niliogopa utanifungia karakana."

Hapo kicheko kikageuka kilio. Nilipanda ngazi nikiogopa kunyang'anywa mume, na kumbe hofu ilikuwa ya kweli, ila mnyang'anyi ni vumbi la mbao, na mimi nilimshikia kikaango mtu asiyehusika.

Karakana sikuifunga. Nilimnunulia barakoa, na nikimkuta anapiga randa bila kuivaa, atanitambua.

Wenzangu, mkimwona mtu wenu ana mambo mapya, muulizeni kwanza. Vyombo vya jikoni baadaye.

Siku hizi kila asubuhi tunachongoa midomo watatu, mimi na mume wangu uani, mshonaji dirishani. Mtaa mzima unatusema, na sisi tunapuliza tu.