Pini ya Nne

Karani wa masjala ya hospitali hubandika kila waraka ubaoni kwa pini nne, akinyoosha kingo kwa rula. Mwezi mzima alimpigia debe mgombea wake wa uongozi wa chama tawala, beji yenye picha ya mgombea huyo kifuani: "Huyu akishika nchi, mishahara yetu inapanda!" Wiki iliyopita mtu wake alishinda, akaapishwa kuwa waziri mkuu. Leo umefika waraka wake wa kwanza: watumishi wa umma hawataongezwa mishahara kwa miaka mitatu. Karani aliusoma mara mbili, amepigwa na butwaa. Alichomeka pini tatu, kopo la pini likawa tupu.

"Kaka, si ulituapia?" muuguzi akamuuliza.

Karani alivua beji, akaichomeka kwenye kona ya nne, kisha akachukua rula.