Philemon na Ngoma Zinazopotezana

Wueh! Philemon amepiga isukuti, zile ngoma zetu tatu, wimbo mzima! Leo, kwa matanga huku Lubao, ngoma kubwa kwapani, ya kati kwa rafiki yake Khisa, ile ndogo kwa binti yake Ayuma. Wamama waliacha chai ikapoa!

"Kumbe mzee ameacha pombe!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka.

Na Philemon hakunywangi. Ni mikono tu ilianza kurukaruka yenyewe, halafu miguu, vile tu marehemu baba yake Shikanga alikuwa. Huyo kijiji ilimwita mlevi mpaka kaburini.

Daktari Chemutai ndiye alimwelezea huo ugonjwa hapo mbeleni, na alielezea tamu ajabu. "Mzee, ubongo ni kama isukuti yenu. Kuna sehemu zinakaa mbali na bado zinapiga mdundo moja. Na watafiti wameona zile zinapiganga pamoja, mara mingi hata jeni zinazofanya kazi ndani yake zinafanana."

"Na zangu je?"

"Wewe ulirithi jeni moja imeharibika. Pole pole wapigaji wako wanapotezana."

"Dawa ya kuwarudisha?"

"Ya kutuliza mikono iko. Ya kuwarudisha hakuna, mzee. Na Ayuma anaweza kuwa nayo ama asikuwe nayo. Ni nusu kwa nusu."

Hiyo ya Ayuma aliimeza peke yake, hata nyumbani hakusema.

Sasa leo, wimbo wa pili, mkono wake ukaruka nje ya mdundo. Hapo hapo wa Ayuma nao ukaruka! Khisa akabaki anapiga solo.

"Aii, nyinyi wawili mmekunywa glasi moja?" Khisa akawatania.

Philemon alimvuta Ayuma nyuma ya hema.

"Ayuma, ulikuwa unanifuata, ama mkono iliruka yenyewe?"

"Nilikufuata, baba. Ndio wasikucheke."

"Kweli?"

"Kweli." Lakini mikono alikuwa ameshaingiza ndani ya sweta, na sweta ilikuwa inacheza kidogo. Pengine ni baridi. Lakini kulikuwa na jua kali.

Philemon alirudi akampatia Khisa ngoma zote mbili, ile kubwa na ile ndogo.

"Tafuta wapigaji wengine," akamwambia.

Basi ukiona mtu anatetemeka hivyo njiani, usimwite mlevi. Tafadhali watumie wenzako hii.