Damu Iliyorudishwa Mulongwe

Ukimwona Sévère akishuka ziwani na wavu wake mdogo begani, usingedhani si mtu wa maji. Lakini alizaliwa bondeni Ruzizi, kwa Warundi wanaolima pamba na mihogo, kule ambako maji ni ya kunywa na kufulia tu, si ya kuingia mpaka shingoni. Alifika Uvira kijana mzima, siku zile Wabelgiji wanajenga nyumba zao nyeupe kando ya ziwa, akajifunza kuogelea akiwa na ndevu tayari! Watoto wa Mulongwe walikuwa wanajipanga mchangani kumcheka.

Aliyemfundisha ni Octave, mvuvi wa ndagala, vile visamaki vidogo kama dagaa, mtu wa kelele nyingi na roho pana kuliko mtumbwi wake. Sévère akamwoa dada yake, Léocadie. Na kwa kuwa mgeni pwani ni kama jani juu ya maji, upepo ukija linakwenda, wanaume hao wawili wakaamua kuchanjiana, wawe ndugu wa damu. Ilikuwa muda mfupi baada ya harusi. Walikaa juu ya mkeka mmoja pale mto Mulongwe unapoingia ziwani, wakachanjwa kidogo juu ya kitovu, damu ikadondokea ndizi ya kuchoma, na kila mmoja akala damu ya mwenzake. Toka siku ile Octave hakumwita tena kwa jina. Alimwita "Damu yangu". Asubuhi, mchana, mbele ya watu, hata mbele ya padri.

Mjomba mmoja wa kina Octave alinung'unika siku ile ile.

"Muntu anachagua. Ao iko shemeji, ao iko ndugu. Ukikula damu ya kaka ya bibi yako, bibi yako njo nani sasa? Njo dada yako!"

"Mjomba, weye unaogopa tu pombe itaisha," Octave akamjibu. Watu wakacheka, pombe ikaendelea. Lakini Sévère alilisikia neno lile, nalo likamkaa moyoni.

Kazi yake ilikuwa kwa mzungu mmoja aliyeishi peke yake karibu na ziwa. Watu walimwita Bwana Kioo, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imejaa chupa, vioo na ile mashine ya shaba ya kuchungulia vitu vidogo. Sévère alizamia katikati ya mawe akimtafutia samaki, na mambo aliyoyaona kule yalimshangaza mpaka akaacha kula. Samaki wa jiwe hili ana mistari ya manjano. Vuka kipande cha mchanga, nenda jiwe la pili: samaki ni yule yule, mdomo ule ule, hasira ile ile, lakini mistari yake ni ya samawati! Nani amewagawia nguo?

"Baba na mama yabo," Bwana Kioo alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Kila kitu kiko na uzima, iko naandikwa ndani, kidogo na baba, kidogo na mama. Samaki, muntu, hata vidudu ya maji."

Siku nyingine alidondosha tone la maji ya ziwa juu ya kioo, akamwambia achungulie. Sévère akaona vijidudu vikizunguka, vingine na mikia, vingine kama nyuzi, na hakuna viwili vilivyofanana kabisa. Wiki nzima alikataa kunywa maji yasiyochemshwa. Léocadie alicheka mpaka akashika ubavu.

Kicheko hicho kilikuwa cha thamani nyumbani mwao, maana hakikuja mara nyingi. Walikuwa wamezika wavulana wawili. Wote walikwenda njia moja: macho ya manjano, vidole vimevimba, kisha maumivu ndani ya mifupa, mtoto analia mpaka sauti inakatika, na homa ndogo tu inamaliza kazi. Majirani walisema sumu. Wengine walimtazama Léocadie kwa jicho la pembeni. Sasa alikuwa amebaki Bernardine, msichana mwembamba mwenye maneno mengi, aliyeweza kumwiga Bwana Kioo akitembea na kofia yake. Mwaka ule macho yake nayo yakaanza kuwa manjano.

Ndipo Bwana Kioo akaacha samaki kwa muda, akaanza kuwaomba watu damu. Tone tu la kidole. Wengi walikimbia wakisema wazungu wanakunywa. Sévère hakukimbia. Aliwapeleka wote, mkewe, mtoto na yeye mwenyewe.

"Baba, itauma?" Bernardine akauliza.

"Kama siafu."

"Siafu mukubwa ao mudogo?"

"Ule wa kati."

Bwana Kioo alifunga matone kati ya vioo, akaongeza dawa yake ya maji, wakangoja. Kisha akamwita Sévère kwenye mashine. Kwanza aliona visahani vyekundu vya mviringo, vingi kama ndagala juani. Halafu baadhi vilijikunja pole pole, vikachongoka huku na huku, vikawa kama mundu wa kukatia majani. Katika damu yake vilikuwepo. Katika damu ya Léocadie vilikuwepo. Katika damu ya Bernardine vilijaa.

"Nusu iko kwako, nusu iko kwa bibi," Bwana Kioo akasema. "Nusu haiue muntu. Lakini mutoto alipata ya baba na ya mama pamoja. Ile mundu inafunga njia ya damu. Njo maumivu."

"Dawa?"

"Hakuna."

"Na kule Ulaya?"

"Ulaya vilevile hakuna." Alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Asipate baridi. Akunywe maji mingi. Homa ikija, umulete upesi. Ni hayo tu."

Léocadie akauliza, "Na nikizaa mwengine?"

"Pengine atapona. Pengine hapana. Hakuna mwenye anajua mbele."

 Njiani kurudi nyumbani kichwa cha Sévère kilikuwa kinakimbia. Yeye ni wa bondeni, mkewe ni wa pwani. Baba zao hawakuwahi kuonana. Basi ingewezekanaje damu moja, mundu ule ule, ukae kwake na ukae kwa Léocadie? Huo mundu ulipitia wapi? Akashika tumbo lake, pale juu ya kitovu, penye kovu.

"Niliikula," akasema walipofika mlangoni. "Léocadie, damu ya kwenu niliikula minye mwenyewe, mbele ya batoto kuzaliwa. Mjomba alisema."

"Acha! Wangapi hapa banachanjiana? Batoto yabo iko nacheza mupira."

"Bale hawakuoa dada ya ndugu yabo."

Léocadie akasukuma mlango, akaingia na mtoto. Na mtu asiyekuwa na kitu cha kushika hushika hata moshi.

Kuna namna ya kufungua damu, lakini ni watu wachache waliothubutu. Wawili wanarudi pale pale walipochanjiana, wanakunywa majani ya kutapisha, wanarudisha mtoni walichokula. Na kama damu imekwisha kuzaa, mtoto naye anaoshwa katika maji yale yale yanayokwenda, ili mto ubebe yote hadi ziwani. Ila baada ya hapo hakuna tena undugu. Kila mmoja ni kama amemzika mwenzake.

Octave alikuwa anashona wavu Sévère alipomwendea.

"Damu yangu! Karibu. Mbona uso iko kama wa kuku wa mvua?"

Sévère akamweleza yote, mashine, mundu, nusu na nusu, akamwomba wafungue damu. Octave aliendelea kushona, halafu mkono ukasimama.

"Kwa hiyo minye njo nimeua batoto yako."

"Sikusema hivyo."

"Umesema! Minye nilikufundisha kuogelea, ulikuwa unazama kama jiwe, sasa damu yangu ni sumu? Enda! Enda kwa muzungu wako akuchanje na chupa!"

Sévère alikwenda. Lakini jioni mapema Octave alipita kumwona mpwa wake, akamkuta amelala juani akitetemeka, vidole vimejaa kama ndizi ndogo. Hata hivyo Bernardine alimtania, "Mjomba, leo unanuka ndagala kuliko ndagala benyewe." Octave alicheka, akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba mpaka macho yakakauka. Kisha akamwambia Sévère, bila kumtazama, "Tafuta majani. Nikipoteza ndugu na mutoto akibaki, ni sawa."

Siku waliyochagua ilikuwa ya kiangazi, ule msimu ambao upepo wa milimani unashuka alfajiri na Mulongwe unakuwa kama umelala juu ya jiwe baridi. Léocadie alimfunika mtoto kwa pagne mbili, vitenge vyake vya kujifunga.

"Bwana Kioo alisema asipate baridi," akasema. "Mujisafishe nyie. Mutoto mumunawishe nyumbani, na maji ya moto."

"Lazima maji yenye kutembea. Ya chungu haibebi kitu."

"Alisema baridi, Sévère!"

"Alisema vilevile hana dawa. Mwenye hana dawa atakatazaje dawa ya mwengine?"

Neno hilo lilikuwa na nguvu. Léocadie akaachia zile pagne.

Basi jua lilipochomoza juu ya milima ya ng'ambo, wanaume wawili walipiga magoti mtoni, wakanywa majani machungu, wakatapika mpaka machozi. Mjomba yule aliyenung'unika siku ya kuchanjiana alisimama shahidi, na mara hii hakukuwa na utani wala pombe. Kisha Sévère akamwingiza bintiye majini, akammwagia kichwani, mabegani, mgongoni. "Baba, inauma," alisema. "Inauma kuliko siafu." Baba akamwambia avumilie kidogo, mto unabeba, mto unabeba.

Mchana mifupa ilianza kuuma. Ilianza miguuni, ikapanda mgongo, ikaingia kifuani. Sévère alimbeba mbio mpaka kwa Bwana Kioo, na Bwana Kioo akatoa alichokuwa nacho: blanketi, maji ya vuguvugu, vidonge vya kupunguza maumivu. Aliuliza mtoto amepatwa na nini. Sévère akamwambia. Mzungu hakufoka. Alikaa chini tu, kwenye sakafu, suruali yake nyeupe na yote.

Bernardine alifariki kabla jua halijazama, kidole kimoja kikiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Baada ya matanga Sévère alirudi kazini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Hakuuliza habari za samaki. Alinyoosha kidole.

"Angalia tena damu yangu, Bwana. Tuliifungua. Niliirudisha yote."

Bwana Kioo alitaka kukataa, lakini alimchoma. Wakangoja. Sévère akachungulia mwenyewe. Visahani vilikuwa vyekundu, vya mviringo, vizuri kabisa. Kisha kimoja kikajikunja. Kikafuata kingine. Mundu, na mundu mwingine, pale pale vilipokuwa.

"Haikutoka kwa Octave?"

"Hapana. Ulizaliwa nayo. Iko ya baba yako ao ya mama yako, kule bondeni. Octave hakukupatia kitu."

Sévère alikumbuka kaka yake mdogo aliyekufa bondeni akilia kwamba miguu inauma, zamani, kabla hata hajaliona ziwa. Alikuwa amemsahau kabisa.

Alitoka na kwenda moja kwa moja ufukweni. Octave alikuwa anavuta mtumbwi mchangani, peke yake, na mtumbwi ule ulihitaji watu wawili. Sévère akashika upande wa pili, kama siku zote. Wakavuta pamoja mpaka mahali pakavu.

"Octave," akasema, "muzungu ameangalia. Haikuwa yako. Haikuwa hata kidogo."

Octave alifuta mikono kwenye kaptura yake. Aliyatazama maji, kisha ule mlango wa mto. Mdomo wake ulisogea, kana kwamba jina la zamani limefika kwenye meno. Lakini kilichotapikwa Mulongwe hakiliwi tena, na mtu hachanjiani tena na aliyekwisha kumzika. Wote wawili walilijua hilo.

"Asante kwa kunisaidia, bwana," Octave akasema, namna unavyomwambia mpita njia, akabeba wavu wake na kwenda.