Vikwembe Viwili Kwenye Maji ya Moto

Harusi ya mjukuu wangu ilikuwa inakaribia, kule Gitega, na goti langu la kushoto lilikuwa halikunjiki. Na mi nilishaapa mbele ya wanawake wa soko la Muyinga kwamba nitacheza mpaka chini! Nikasema, dawa ni moja tu: yale maji ya moto yanayotoka ardhini kule bondeni, mbali na mji.

Nilipokuwa mtoto tulioga pale kama tulivyozaliwa, wanawake upande wa matete, wanaume upande wa mawe. Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mbuzi aliyetafuna nguo zetu, ila siyaandiki. Wengine leo wana wajukuu wenye vyeo.

Shida ilikuwa mkwe wangu, bibi yake bwana harusi. Alikuwa ametoka Gitega kuja kutusalimia, na aliposikia habari ya maji ya moto akasema hata mgongo wake unamsumbua. Ningemkataaje? Lakini kwetu wakwe hawaonyeshani hata magoti. Njia nzima niliwaza: tutaogaje?

Tulipofika tukasimamishwa na mlinzi, mama mmoja mwenye mabuti ya plastiki.

"Hapa ni pa watu wote, bibi zangu. Wakuu wa komine wamekataza kuoga uchi. Nikiona paja, nje."

"Asante sana!" tukajibu pamoja, kama watoto wa chuoni.

Tukaingia na vikwembe vyetu, fundo kifuani. Tena vilikuwa vipya, vigumu bado, maana nani atajitokeza mbele ya mkwe na nguo iliyochakaa? Hapo ndipo tulipokosea. Nilipoketi majini, hewa ikanaswa ndani, kikwembe kikavimba kama andazi kwenye mafuta, kikapanda mpaka kidevuni. Na huko chini, jamani, kila kitu nje!

"We bibi! Paja!"

"Mi nimevaa! Sema na kikwembe!"

Mkwe akanirukia ili anifunike. Chake nacho kikapaa. Akabaki ameshika changu kwa mikono miwili, chake kinaelea nyuma yake kama uyoga.

"Tokeni! Wote wawili!" mlinzi akapiga kelele.

Na goti ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kulegea. Nikitoka sasa, basi harusini nitakaa pembeni na chai yangu, nikitazama wenzangu wakicheza.

"Mkwe," nikasema, "kalia pindo langu."

"Nini?"

"Kalia! Na mi nikalie lako."

Akanitazama. Akasogea. Tukabanana bega kwa bega, kila mmoja juu ya pindo la mwenzake, na vikwembe vikatulia. Tukacheka mpaka tukameza maji. Mlinzi akatugeuzia mgongo, mabega yake yanatikisika.

"Bon," akasema. "Kaeni hivyo hivyo. Atakayeinuka, nawatoa."

Tukakaa mpaka vidole vikakunjamana kama zabibu kavu. Aliyetaka kujisogeza aliomba ruhusa kwanza.

Kule Gitega, ngoma ilipoanza kulia, goti lilikunjika lenyewe. Nikainuka mkekani mbiombio, nikarudi chini, pu! Mkwe alikuwa amekalia pindo langu, uso mkavu, anatazama mbele.

"Inuka, mkwe, wananingoja!"

"Omba ruhusa kwanza."

Nikaomba. Tukainuka pamoja, na tukacheza mpaka chini.