Tumbo la Waiswa Lisikandwe

Mkwe wangu Waiswa ni mtu wa nyama. Alitoka Iganga na kisu chake, leo hapa mtaani Atlabara, ugenini kwa Wasudani, Waganda na wenyeji wote wanaijua bucha yake. Hana maneno mengi. Akinitumia maini, anampa mke wake Mirembe, binti yangu, ndiye aniletee. Kwetu Busoga mama mkwe na mkwe hawagusani wala hawakai chumba kimoja. Ukivunja mwiko huo, mikono inatetemeka mpaka kufa. Nimeushika maisha yangu yote, na mtu asiniambie ni ushamba.

Mwaka huu macho yake yaligeuka manjano. Ikaonekana ni saratani, uvimbe kwenye kongosho. Daktari wa Kampala akamweleza kwa simu, nami nikasikia kutoka barazani.

"Uvimbe ukiminywa, mbegu zake zinaweza kuingia kwenye damu zikaote kwenye ini. Hata mimi nikikufungua sitaushika kwanza. Nitafunga mishipa yake ya damu, halafu nautoa mzima na nyama iliyouzunguka. Kwa hiyo tumbo lisikandwe."

"Kama nyongo," Waiswa akasema. "Ukiitoboa, nyama imeharibika."

Basi alielewa. Lakini siku Mirembe alipokwenda kutafuta tiketi ya kumpeleka Kampala akapasuliwe, maumivu yalimshinda Waiswa, akamwita Jovia, mkandaji wa matumbo. Jovia akanipita barazani na chupa yake ya lulu, yale mafuta ya shea.

"Jovia, daktari amekataza."

"Daktari yuko Kampala, nyabo. Mgonjwa analia hapa."

"Waiswa, mkatalie."

"Niache, Mama. Akande kidogo tu. Siwezi tena."

Nikaita majirani. Mchana ule wote walikuwa sokoni.

"Ingia unizuie basi," Jovia akacheka. "Si ni mkwe wako?"

Nikaingia. Waiswa akavuta shuka, akajifunika uso. Jovia alishapaka mikono mafuta, ameiinua juu ya kitovu. Nikakaa kitandani katikati yao, mgongo wangu ukagusa mbavu za mkwe wangu.

"Mama, toka," akasema ndani ya shuka. "Unaniaibisha."

"Aibika. Mimi sitoki."

"Utatetemeka wewe, mpaka uji ukumwagikie," Jovia akasema.

"Mikono ni yangu. Wewe futa yako."

Hakufuta. Alisimama pale akisubiri nichoke. Nikakaa, nikimsikia Waiswa anasaga meno nyuma yangu, mpaka Mirembe akaingia na tiketi, akatuona, akaangusha mkoba.

Kampala walimpasua karibu kutwa nzima. Daktari alipotoka alimwambia Mirembe kwamba mishipa ilifungwa kwanza, uvimbe umetoka mzima, na kwenye ini hakuona kitu. Dawa zinafuata.

Mirembe alinipigia simu akilia. Nikamwambia afute machozi, akakae mlangoni kwa mume wake, maana mashangazi wa Iganga wako njiani, na wote wanajua kukanda.