Harusi ya Machi 2020

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, fundi wa cherehani huko Makueni, nilipokubali kuolewa na mfanyabiashara wa nafaka wa mji mdogo wa Tulia aliyekuwa amefiwa na mkewe. Tulipanga harusi Jumamosi ya mwisho ya Machi 2020. Baba alikuwa amealika karibu kanisa zima.

Mwezi ulipoanza, redio ya Baba ilikuwa ikisema habari za Italia, watu walivyofungiwa majumbani. Tulisikiliza kama mambo ya wenyewe huko, mimi nikishona gauni langu. Ijumaa moja ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana Nairobi. Siku chache baadaye watoto wa jirani wakarudi kutoka shule ya bweni na masanduku yao. Makanisa yakafungwa. Olimpiki ikaahirishwa. Kisha ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa.

Dada yangu alikuwa Doha, ameshakata tiketi. Alinipigia akilia.

"Ningoje," alisema. "Hata Olimpiki imengoja."

"Olimpiki inajua itafanyika mwaka ujao," nilimjibu. "Mimi sijui ya mwaka ujao."

Baba naye alitaka tuahirishe. "Watu watasema tumemwoza binti yetu kwa kujificha."

Mama alikuwa akichambua kunde. Hakuinua kichwa. "Wacha waseme. Huyu amengoja vya kutosha."

Nikampigia pasta wa kanisa la Tulia, tulikopanga kufungia ndoa. Aliguna kwa muda mrefu, halafu akasema tuje watu wa nyumbani tu, asubuhi, na tutawanyike mapema.

Kafyu, amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa imeanza jioni ya Ijumaa. Tuliondoka Makueni kwenda Tulia alfajiri, mara tu saa ya kuruhusiwa kutoka ilipofika, sisi watatu na dereva wa pikapu. Mlangoni mwa kanisa tulinawa kwa maji ya mtungi. Ndani tulikuwa saba, kila mtu na benchi lake. Pasta aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, akayatazama mabenchi matupu, akangoja kama kawaida. Baba akakohoa. Sote tukageuka.

"Ni vumbi," alisema.

Mama alikuwa ameinua simu ili dada aone. Nilipomaliza kiapo changu, mtandao ulikuwa umekatika. Bwana harusi aliona uso wangu.

"Pasta, tungoje arudi," alisema. "Tutaapa tena."

Dada aliporudi hewani, tukaapa upya, polepole, neno kwa neno. Nilikuwa nimemkubali mtu yule kwa sababu ya umri na upole wake. Siku ile nilimpenda.

Saa nane wazazi wangu waliondoka ili kafyu isiwakute njiani. Mama alisimama mbele yangu bila kujua kama inaruhusiwa kunikumbatia. Akanikumbatia, kwa nguvu, kisha akapanda gari.

Miezi mitano ilipita kabla sijamwona tena. Alikuja Tulia na kuku wawili, akakaa wiki nzima, akaukagua udongo wa kila kona ya shamba letu kwa mikono yake. Dada alifika mwaka uliofuata.