Cleotha Kwenye Sinema ya Asubuhi

Lovenia Tolliver alikuwa na miaka hamsini na mbili alipofika, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwenye mji wa wajenzi wa meli, kando ya mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na kwa wiki nzima alitembea mdomo wazi. Kwao Arkansas, kule Kusini, alikochuma pamba, duka lilikuwa moja na mwenye duka alifunga akijisikia. Hapa bucha, kinyozi, posta na sinema vilikuwa chini ya paa moja. Sinema yenyewe ilifunguliwa saa mbili asubuhi kwa ajili ya waliotoka zamu, na watu walitazama filamu wakiwa na kofia za chuma magotini! Lovenia aliona ni maajabu, na mimi simlaumu.

Asubuhi moja, akitoka zamu ya kufagia ndani ya meli, alimkuta jirani yake Dovie akimsubiri getini.

"Dada Lovenia, jana nimemwona Cleotha wako!"

"Cleotha yuko vitani. Acha utani wako."

"Kwenye zile habari za vita wanazoonyesha kabla ya filamu, pale sinema. Anashusha masanduku. Wahi, kesho wanabadilisha."

Miezi minane mwanawe hakuwa ameandika barua. Lovenia alikwenda mbio na masizi yake usoni, akakata tiketi, kisha miguu ikampeleka nyuma ya jengo kutafuta ngazi ya watu weusi, kama alivyozoea maisha yake yote kule Kusini, ambako weusi walikaa juu, mbali na weupe. Akakuta ukuta. Akazunguka tena, akakuta mapipa ya taka.

Dovie, aliyekuwa akimfuata, alimfikia hapo. "Unatafuta nini kwenye mapipa?"

"Ngazi yetu."

"Ngazi gani? Mlango ni ule ule wa wote. Twende, mwanamke wewe!"

Walipoingia, habari za vita zilikuwa zimekwisha. Lovenia akaketi kiti cha katikati, kando ya mchomeleaji wa kizungu, akalia bila kujificha.

"Nimemkosa mwanangu kwa ujinga wangu."

"Kaa hapo hapo," Dovie akasema. "Filamu ikiisha, habari zinaanza upya. Hakuna wa kukutoa."

"Mama analia nini?" akauliza mchomeleaji. Dovie akamweleza, naye akamweleza wa nyuma yake.

Habari zikarudi. Bandari, masanduku, na Cleotha, amekonda, anacheka, uso wake mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Akapita upesi. Lovenia alishindwa hata kumwita. Alikuwa hai, Mungu wangu, alikuwa hai!

Hakuondoka. Kufikia mara ya tatu maneno yalikuwa yameshafika hadi bucha. Watu waliingia na vifurushi vya nyama, na mmoja alitoka kwa kinyozi na povu kwenye kidevu. Bandari ilipotokea, kabla Lovenia hajafungua mdomo, ukumbi mzima, weusi kwa weupe, ulipaza sauti:

"Cleotha! Huyo hapo Cleotha!"

Lovenia akasimama kati yao.

"Wangu huyo," akasema.